Mlango wa Ndugu na Mlango wa Kazi

Marehemu baba alituachia sanduku la bati la rangi ya kijani, lililobabuka pembeni, lenye kufuli lisilo na ufunguo. Tulipolifungua baada ya arobaini yake tulikuta shuka moja, saa ya mkononi iliyokwisha kufa, stakabadhi za kodi zilizofungwa kwa uzi, na karatasi mbili zilizokunjwa mara nne hata mikunjo ikatoboka. Karatasi ya kwanza ilikuwa chitupa chake, yaani cheti alichotakiwa kutembea nacho alipokuwa kibarua katika migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, nchi ambayo leo ni Zambia. Ya pili ilikuwa tiketi ya kazi, yenye vyumba vya kuwekea alama kwa kila zamu aliyoingia. Ndugu zangu waligawana shuka na saa. Karatasi nilizichukua mimi, kwa kuwa ndiye mwalimu.

Nilitoka chuo cha ualimu nikaanza kazi mwaka 1972, nikastaafu mwaka 2010. Kati ya miaka hiyo 38, miaka 17 ya mwisho nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi hapa mpakani. Nimefundisha somo la historia mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Nimechora ubaoni ramani ya mkutano wa Berlin, nimeeleza mkataba wa mwaka 1890, nimewaimbisha watoto tarehe za uhuru. Lakini sikumbuki hata siku moja niliposimama mbele ya watoto wa Tunduma, ambao mpaka wanauona kwa macho kila asubuhi, nikawaeleza jinsi mtu anavyouvuka mpaka huo ili akafanye kazi au biashara kwa halali. Nililiona jambo hilo kuwa la makarani. Kuna kijana mmoja lililomgharimu sana, na mkono wangu ulikuwamo. Kabla sijafika kwake, inanipasa nianzie mbali kidogo.

Mpaka wetu ulichorwa na watu ambao hawakuwahi kuonja maji ya huku. Tarehe 1 Julai 1890 Waingereza na Wajerumani walitiliana sahihi mkataba ambao wengi huukumbuka kwa sababu ya Zanzibar na kisiwa cha Heligoland. Ndani yake kulikuwa na kifungu kilichogawa nchi iliyo kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Waingereza hawakutaka kuipoteza Barabara ya Stevenson, njia iliyopewa jina la mfanyabiashara wa Glasgow aliyetoa fedha ili maziwa hayo mawili yaunganishwe. Kwa hiyo mstari ukapitishwa ili njia hiyo ibaki upande wao. Mwaka 1898 tume ya mataifa hayo mawili ilipita ikipima na kuweka alama. Wanyamwanga wakajikuta wako pande mbili. Shamba likawa huku na kaburi la babu likawa kule.

Kwa miaka mingi hilo halikumsumbua mtu. Babu yangu mzaa baba alivuka akitaka mke, akitaka ng'ombe, akienda msibani. Hakuna aliyemuuliza karatasi, na kama angeulizwa asingejua ni kitu gani. Kilichobadili mambo ni kodi. Wajerumani walitunga sheria ya kodi ya nyumba mwaka 1897, na kwa nyumba ya kijijini walidai rupia tatu. Waingereza walipoichukua Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza waliendelea na kodi hiyo kwa shilingi. Rupia au shilingi haioti shambani. Anayedaiwa fedha ilimlazimu aende kunakopatikana fedha, na katika pembe hii ya nchi zilipatikana katika dhahabu ya Lupa kule Chunya, au katika shaba ya kusini.

Mgodi wa Roan Antelope kule Luanshya ulianza kutoa shaba mwaka 1931, Nkana mwaka 1932 na Mufulira mwaka 1933. Migodi hiyo ilihitaji mikono, na barabara kuu ya kwenda huko ilipita mlangoni petu. Baba aliondoka mwaka 1951, mimi nikiwa mtoto wa mwaka mmoja, akarudi mwaka 1958. Alikuwa akituambia kwamba kule kila aliyetoka Tanganyika aliitwa Mnyakyusa. Ukikataa ukasema wewe ni Mnyamwanga, wanacheka, kwa maana Wanyamwanga wa kwao walikuwapo tayari, ila hao walihesabiwa wenyeji na wewe mgeni.

Chitupa kilikuwa na jina la mtu, kijiji chake, chifu wake, na nafasi za waajiri kuandika siku alipoanza kazi na siku alipoacha. Kwa wenzetu wa Kenya kulikuwa na kipande, kilichoanza kutumika kwa nguvu karibu na mwaka 1920. Mwanamume Mwafrika alikivaa shingoni ndani ya kijikopo cha bati. Afrika Kusini walikuwa na pasi zao, ambazo kwa kuzipinga watu 69 waliuawa na polisi pale Sharpeville tarehe 21 Machi 1960. Majina yalitofautiana, lakini kazi ya karatasi ilikuwa moja: kumfunga mtu mahali anapotakiwa na kumfukuza mahali asipotakiwa. Baba alisimulia jinsi askari walivyogonga mlango usiku wakisema, "Chitupa!" Mtu mzima mwenye watoto anatafuta karatasi gizani huku mikono ikimtetemeka. Alisimulia pia aliyoyakuta yakisimuliwa na wazee wa migodini, kwamba katika mgomo wa mwaka 1935 polisi waliua watu sita kule Luanshya, na mwaka 1940 watu wengine wengi zaidi wakauawa kule Nkana.

Masimulizi hayo niliyabeba tangu utoto. Kutokana nayo nilijifunza kwamba karatasi ya serikali ni kamba ya kumfungia mbuzi, na kwamba mwenye akili huipita kando.

Lakini baba alikuwa na simulizi nyingine, ambayo sikuitilia maanani. Mwezi mmoja, katika mgodi ambao sitautaja, mnyapara alikana kwamba baba alifanya zamu sita za mwisho wa tiketi. Tiketi ilikuwa ya zamu thelathini, na haikulipwa mpaka itimie. Baba hakupigana wala hakulia. Alikwenda ofisini akaiweka tiketi mezani. Karani akahesabu alama, akamwita mnyapara, na baba akalipwa. Akimaliza simulizi hiyo alikuwa akisema, "Chitupa sikukipenda hata kidogo, lakini tiketi ile ilinisemea mahali ambapo mdomo wangu usingesikilizwa."

Baba mkubwa naye alikuwa na yake. Yeye aliandikishwa na Wenela, shirika lililotafuta vibarua kwa ajili ya migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini. Mwaka 1913 serikali ya huko ilikuwa imekataza kuandikisha watu wanaotoka nchi za joto, kaskazini mwa latitudo ya 22, kwa sababu walikuwa wakifa kwa wingi kwa homa ya mapafu. Katazo hilo lililegezwa katika miaka ya 1930, na baadaye Wenela wakaandikisha hadi katika nyanda zetu za juu. Mtu aliweka dole gumba kwenye mkataba, akapelekwa, na sehemu ya mshahara wake ikazuiwa mpaka arudi kwao. Baba mkubwa alilalamika sana juu ya fedha ile iliyozuiwa, lakini ndiyo iliyojenga nyumba yake ya bati. Baada ya Uhuru serikali ya Tanganyika ilikataa kuendelea kuwapeleka watu wake kwa makaburu. Nadhani ilifanya vema, ingawa wapo wazee waliokufa wakiwa bado wananung'unika.

Uhuru ulipokuja, kwetu tarehe 9 Desemba 1961 na kwa wenzetu wa Zambia tarehe 24 Oktoba 1964, wengi tulidhani mambo ya karatasi yamekwisha. Mambo tuliyoyaona kwa macho yetu yalitupa sababu ya kudhani hivyo. Walowezi wa Rhodesia ya Kusini walipojitangazia uhuru wao mwaka 1965, Zambia ilibanwa, na mafuta yake yakapita hapa kwetu kwa malori, katika barabara ya vumbi na matope ambayo madereva waliiita njia ya Jehanamu. Bomba la mafuta likakamilika mwaka 1968. Reli ya TAZARA, ya kilomita 1,860, ilianza kujengwa mwaka 1970. Ilipofika Tunduma mwaka 1973 nilikuwa mwalimu kijana, na niliwapeleka wanafunzi wangu kuiona. Mwalimu Nyerere na Rais Kaunda walikuwa kama ndugu wa tumbo moja. Nani angefikiri kwamba ndugu atahitaji kibali?

Mjomba wangu alifikiri hivyohivyo. Alikuwa na duka dogo la chumvi, sabuni na vitenge ng'ambo ya pili, si mbali na Nakonde. Tarehe 19 Aprili 1968, pale Mulungushi, Rais Kaunda alitangaza mageuzi ya uchumi. Vitabu huyakumbuka mageuzi hayo kwa sababu ya hisa 51 kwa mia ambazo serikali ilizitaka katika makampuni makubwa. Lakini ndani yake lilikuwamo jambo lililomgusa mjomba zaidi: leseni za maduka ya rejareja, nje ya miji mikubwa, zilitengwa kwa raia wa Zambia peke yao. Waliolengwa hasa walikuwa wafanyabiashara wenye asili ya Asia na Ulaya. Hata hivyo sheria haina macho ya kumtambua mjomba wa mtu. Alirudi na mizigo yake juu ya baiskeli mbili. Hakufukuzwa kwa matusi. Aliambiwa tu kwamba kutembelea shemeji zake anaruhusiwa wakati wowote, ila duka ni jambo jingine.

Maneno hayo ningeyaweka ukutani mwa kila shule ya mpakani. Katika mpaka huu ipo milango miwili. Mlango wa ndugu uko wazi, na karibu siku zote umekuwa wazi. Mlango wa kazi ni mwingine, una ufunguo wake, na kuwa na ndugu ndani hakukupi ufunguo huo.

Sasa nirudi kwa yule kijana.

Ilikuwa mwaka 1996. Alikuwa amesoma kwangu, kisha akajifunza umakanika katika gereji za malori hapa Tunduma, akawa fundi hodari wa injini za dizeli. Jioni moja alikuja nyumbani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kiti."

Akanieleza kwamba amepata kazi katika gereji moja kwenye mji wa Ukanda wa Shaba. Mwenye gereji amemwambia aje upesi, mambo ya vibali watayamaliza hukohuko. Alichotaka kwangu ni barua ya utambulisho yenye mhuri wa shule, ya kumsaidia pale mpakani. Nilimuuliza kama ana ndugu kule. Akasema yuko mjomba wake. Nikachukua kalamu nikaandika kwamba kijana huyu ni mwanafunzi wangu wa zamani, mwenye tabia njema, na kwamba anakwenda kumsalimia mjomba wake.

Msomaji aione vizuri barua hiyo. Ndani yake hamkuwa na neno la uongo. Mjomba alikuwapo, na kijana alimsalimia kweli. Lakini nilijua anakwenda kufanya kazi, na niliandika kwa namna ya kulificha jambo hilo. Spana zake hakuvuka nazo. Alimpa dereva wa lori azipitishe, yeye akapita mikono mitupu kama mgeni. Nilijiona nimetenda wema. Tena nakiri kwamba nilifurahi kidogo, kana kwamba nimelipiza kwa ajili ya baba na milango iliyogongwa usiku.

Alifanya kazi miezi mitano. Mwezi wa kwanza alilipwa. Wa pili akalipwa nusu. Wa tatu, wa nne na wa tano aliambiwa asubiri, na habari ya kibali ikawa ni ya kesho na kesho kutwa. Alipodai kwa sauti, mwenye gereji alimwambia aende polisi akashitaki. Wiki hiyohiyo maofisa walikuja gerejini wakamkuta chini ya lori. Nani aliwaita hakuambiwa, na mimi sitamshitaki mtu kwa kudhani. Alilala mahabusu, akatozwa faini ambayo mjomba wake aliikopa, akarudishwa Nakonde. Spana zilibaki gerejini.

Alikuja kwangu hata kabla hajaenda kwa mama yake. Nilitegemea anilaumu. Akasema kwa upole, "Mwalimu, barua yako ilinivusha, lakini haikuweza kunisemea."

Hakuwahi kuijua simulizi ya baba. Neno lilikuwa lilelile. Usiku ule nililitoa sanduku la bati chini ya kitanda, nikazitazama karatasi zile mbili kwa taa ya chemli, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba hazikuwa kitu kimoja. Chitupa kilimtumikia bwana. Tiketi ilimtumikia pia mfanyakazi. Mimi nilikuwa nimezichukia zote mbili kwa chuki moja, nikairithisha chuki hiyo kwa kijana ambaye hakuwa na haja nayo.

Mara ya pili alikwenda kwa njia ndefu. Alipata mwajiri mwingine, mwenye karakana ya malori, aliyekubali kuomba kibali yeye mwenyewe kwa Idara ya Uhamiaji ya Zambia. Kijana alisubiri hapa Tunduma karibu miezi minane. Alitafuta pasipoti, cheti cha majaribio ya ufundi, na cheti cha polisi kwamba hana makosa. Kila karatasi ilikuwa na safari yake na nauli yake. Mara mbili alitaka kukata tamaa, na mara mbili nilimkatalia, maana deni lilikuwa langu. Nauli ya safari moja niliilipa kwa kuuza debe kumi za mahindi. Alivuka mwaka 1998 akiwa na mhuri uliosema kazi yake ni nini na mwajiri wake ni nani. Mara moja mshahara wake ulichelewa miezi miwili. Safari hii alikwenda ofisi ya kazi kwa miguu yake, pasipoti ikiwa mfukoni, na akalipwa.

Alipokuwa huko, mwaka 1999, Mahakama Kuu kule Ndola ilitamka kwamba Kenneth Kaunda, aliyeitawala Zambia kwa miaka 27, si raia wa nchi yoyote, kwa kuwa wazazi wake walitoka Nyasaland. Shauri hilo baadaye lilikwisha na mzee akabaki raia. Lakini fundi aliniandikia barua nzuri juu yake. Alisema kama mtu aliyeandika jina la nchi ile kwenye ramani anaweza kuulizwa karatasi zake uzeeni, basi fundi wa dizeli asione aibu kuulizwa zake.

Alirudi mwaka 2004 na mtaji, akafungua gereji hapa Tunduma. Mambo nayo yameendelea kubadilika. Mwaka 2016 tulipata mkoa wetu wa Songwe, makao makuu yake Vwawa. Tarehe 5 Oktoba 2019 Rais Magufuli na Rais Lungu walizindua kituo cha huduma kwa pamoja cha Tunduma na Nakonde, ambamo maofisa wa nchi mbili hukaa pamoja ili msafiri na mzigo wasisimamishwe mara mbili. Wengi waliona kituo kile wakasema sasa mpaka umekwisha. Haukwisha. Kilichofupishwa ni foleni.

Kwa sheria zilivyo, Mtanzania anayekwenda Zambia kutembea haombi viza. Anayekwenda kwa shughuli za biashara, kama kukutana na wateja au kukagua mzigo, hupewa siku 30 katika kipindi cha miezi 12. Akizidisha, au akitaka kuajiriwa, huhitaji kibali, na kibali cha ajira ya zaidi ya miezi sita huombwa na mwajiri wakati muombaji angali nje ya nchi. Ndipo alipokosea yule mwenye gereji wa kwanza, au ndipo alipodanganya, kusema kwamba watayamaliza hukohuko. Kwetu nako kuna utaratibu. Mgeni anayekuja kwa shughuli maalumu ya muda mfupi, tuseme kufunga mashine, hulipia viza ya biashara, ambayo ada yake imekuwa dola 250 na muda wake hauzidi siku 90. Anayekuja kuajiriwa huhitaji, kwa sheria ya mwaka 2015, kibali cha kazi kutoka kwa Kamishna wa Kazi, kisha kibali cha ukaazi kutoka Uhamiaji: daraja A kwa mwekezaji na aliyejiajiri, B kwa aliyeajiriwa, C kwa wengineo kama wanafunzi na watu wa dini.

Kuna jambo moja ambalo hunifanya nitikise kichwa. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika mwaka 2010, inataja haki ya mfanyakazi wa nchi mwanachama kwenda kufanya kazi katika nchi nyingine mwanachama, kwa utaratibu waliokubaliana. Zambia haimo katika jumuiya hiyo, wala Malawi. SADC, ambamo sote tumo, ilikuwa na itifaki yake ya mwaka 2005 juu ya mwendo wa watu, lakini hiyo ilisubiri miaka na miaka nchi za kutosha ziiridhie. Kwa hiyo fundi wa Tunduma ana njia iliyoandikwa ya kwenda kufanya kazi Kampala, asikomjua mtu, kuliko Nakonde, anakosikia jogoo wa shangazi yake akiwika.

Ningependa kuishia hapo, mwalimu akiwa amejifunza na kijana akiwa amefanikiwa. Lakini mwaka jana nilipita gerejini kwa fundi wangu nikamkuta kijana mgeni akichomelea chasisi. Nilimsalimu kwa Kiswahili, akaniitikia kwa Kinyamwanga safi. Alikuwa wa ng'ambo. Tulipohesabu koo tukaona kwamba bibi yake na mama yangu wanakutana. Nilimvuta fundi pembeni.

"Ana kibali?"

Fundi akatazama chini. "Mwalimu, huyu ni mtoto wa nyumbani. Anavuka asubuhi, anarudi jioni."

"Na wewe ulikuwa mtoto wa nyumbani kwa mjomba wako."

Akanyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema neno ambalo mpaka leo sina jibu lake kamili. "Nimeuliza ada, Mwalimu. Ni mshahara wake wa miezi mingi. Sheria hii imetungwa kwa ajili ya makampuni. Nikimfuatia kibali nitashindwa, nikimfukuza atakula nini?"

Ni kweli. Sheria ya kibali haipimi umbali. Mhandisi aliyevuka bahari mbili na mchomea vyuma aliyevuka mtaro wanajaza fomu za aina moja. Tena nchi zetu zinaendelea kuifunga milango midogo. Julai 2025 serikali yetu ilitoa amri ya kuwakataza wageni biashara za aina 15, zikiwamo za rejareja, za kutuma fedha kwa simu, za kutengeneza simu na saluni. Niliposikia wenzangu wakishangilia barazani, niliwasimulia habari ya mjomba na baiskeli zake mbili za mwaka 1968. Baadhi walinyamaza. Mmoja alisema kwamba nchi lazima ilinde watu wake, na yeye pia hakukosea.

Sitaki nieleweke vibaya. Siwaombei watu wavuke kwa kujificha, maana nimeona mwisho wake. Wala sisemi kwamba kila kibali ni cha haki kwa kuwa kina mhuri, maana chitupa nacho kilikuwa na mhuri. Ninachosema ni kwamba mtu anayefanya kazi bila karatasi katika nchi ya watu amemkabidhi mwajiri wake ulimi. Akipunjwa hawezi kusema, akiumia hawezi kudai, akitishwa huinamisha kichwa. Anayemwajiri hivyo, hata kwa huruma, hata akiwa ndugu, ameushika ulimi huo mkononi. Siku moja, fedha zikipungua au hasira ikipanda, atajaribiwa kuukaza mkono.

Hayo nilimwambia fundi, na aliyajua kuliko mimi. Wiki iliyofuata alimwandikia kijana mkataba mdogo kwenye daftari la kurasa mia mbili: mshahara, siku za kazi, sahihi mbili, na mimi nikiwa shahidi. Si kibali, na mbele ya afisa hautamsaidia mtu. Kisha walikwenda Vwawa wote wawili kuuliza utaratibu, kijana akiwa amesimamishwa kazi mpaka jambo lijulikane. Fundi anampa posho ya chakula. Walirudi na orodha ndefu ya mahitaji, na sasa wanaifuata mstari mmoja mmoja. Wakishindwa, kijana atabaki kwao na fundi atatafuta mwingine, na wote wawili wataumia.

Fundi alinipa nakala ya kibali chake cha kwanza cha mwaka 1998, ambacho kilikwisha muda wake zamani. Nimekiweka katika sanduku la bati, juu ya tiketi ya baba. Mwalimu kijana aliyechukua darasa langu la historia ameniomba nije siku moja niwaonyeshe watoto zile karatasi tatu, na nimekubali. Mwaka 1890 atawafundisha yeye.